Waliorudi Kutoka Nasik

Tarehe 4 Februari 1886, watu wa Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, waliona msafara ukitokea bara. Walikuwa wameuaga Julai ya mwaka uliotangulia, watu wapatao mia mbili wakiongozwa na James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana kupewa dayosisi ya Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Sasa askofu hakuwemo. Aliyewarudisha watu alikuwa shemasi Mwafrika, William Jones, na mbele ya msafara ilitangulia bendera ya buluu yenye herufi nyeupe: Ichabod. Wakristo wa Rabai walikuwa wasomaji wa Biblia. Walilijua jina hilo, la mtoto aliyezaliwa siku Wafilisti walipoliteka sanduku la agano na utukufu ukaondoka Israeli, kwa hiyo walianza kulia kabla hawajaulizana habari.

Kifo cha Hannington kimeandikwa sana. Tarehe 12 Oktoba alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi kule Kavirondo, akaenda mbele na watu 50 kuelekea Buganda. Tarehe 29 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokwenda nao waliuawa pamoja naye. Wanne walitoroka wakamfikia Jones. Yeye ndiye aliyewasikiliza, akaandika maneno yao katika shajara yake, akakusanya watu wenye njaa na hofu, akawapitisha tena nchi ya Wamasai hadi Rabai. Karibu kila kinachojulikana kuhusu safari hiyo ya kurudi kimetoka mkononi mwake. Hata hivyo, fungua vitabu vya historia ya kanisa vilivyotumika shuleni kwetu kwa miaka mingi, utamkuta askofu kwenye picha ya ukurasa mzima na Jones kwenye sentensi moja, "msaidizi wake mwaminifu".

Huyo msaidizi alikuwa nani, na alijuaje kusoma na kuandika Kiingereza, kuongoza msafara na kuhubiri, wakati shule za bara zilikuwa bado hazijazaliwa? Jibu liko ng'ambo ya bahari.

Jones alitoka nchi ya Wayao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akauzwa tena, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa kabla ya kupakiwa kwenye jahazi lililoelekea kaskazini. Biashara hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwenye karatasi. Mwaka 1845 Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa wasipelekwe nje ya milki zake za Afrika, na tangu 1847 manowari za Uingereza zilikuwa na ruhusa ya kuyasimamisha majahazi yaendayo Uarabuni na Ghuba. Majahazi yalikamatwa, lakini swali jipya likazuka: waliookolewa wapelekwe wapi? Kuwashusha Kilwa au Mombasa ilikuwa sawa na kuwarudisha sokoni. Kwa hiyo walishushwa Aden, Mauritius, Ushelisheli, na wengi wao Bombay. Watoto waligawiwa familia, polisi na misheni.

Misheni ya Kianglikana ya Church Missionary Society (CMS) iliyowapokea ilikuwa na kituo Sharanpur, kando ya mji wa Nasik, safari ya kilometa kama mia moja na sabini kutoka Bombay kuelekea bara la Uhindi. Nasik ni mji mtakatifu wa Wahindu, uko kwenye mto Godavari, na mahujaji humiminika huko tangu enzi na enzi. Pembeni ya mji huo, katika kijiji cha Wakristo wa Kihindi, watoto wa Kiyao, wa Kimakua, wa Kinyasa na wa makabila mengine waliwekwa kwenye nyumba moja, wakafundishwa kusoma, useremala, uhunzi na kilimo. Waliamka kwa kengele, wakalala kwa sala. Walizungumza Kihindustani na Kiingereza, na lugha za mama zao ziliendelea kufifia. Walipobatizwa walipewa majina ya kigeni, mara nyingi ya wamisionari au ya wafadhili waliokuwa Uingereza. Ndiyo maana orodha za Nasik zimejaa kina Price, Isenberg, Wainwright, Wellington, kana kwamba ni orodha ya parokia ya vijijini Uingereza. Wavulana walioa wasichana waliookolewa majini kama wao. Katika vitabu wamisionari waliwaita Waafrika wa Bombay, jina lililowaganda hadi waliporudi pwani.

Kuna uzi mmoja hapa ambao naupenda. Mmoja wa waliowalea watoto hao Bombay alikuwa Karl Wilhelm Isenberg, Mjerumani. Isenberg alikuwa amefanya kazi Uhabeshi pamoja na Johann Ludwig Krapf mwishoni mwa miaka ya 1830, kabla hawajafukuzwa huko. Krapf akaja Zanzibar mwanzoni mwa 1844, akapewa barua na Sayyid Said, akahamia Mombasa. Kabla mwaka haujafika katikati alikuwa ameanza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin, jambo linalostahili kukumbukwa na wale wanaodhani Waislamu na Wakristo wa pwani hawajawahi kukaa meza moja. Mwezi Julai mkewe Rosine alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Kaburi lao liko upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Johannes Rebmann alimfuata Krapf mwaka 1846, wakahamia Rabai, na mwaka 1848 Rebmann akawa Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro, akachekwa na mabingwa wa jiografia wa London.

Katika kazi waliyokuja kuifanya, mavuno yalikuwa haba mno. Wa kwanza kuamini, Mringe, alikuwa kilema mgonjwa, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki, mwaka baada ya mwaka, akikusanya maneno ya Kinyika, lugha ya wenyeji wa Rabai, na ya Kiswahili huku macho yake yakififia. Tungekuwa na historia ya wamisionari wawili walioshindwa, na basi, kama mwaka 1864 wasingeshuka Mombasa vijana wa Nasik pamoja na wake zao: William Jones, Ishmael Semler na George David. Rafiki wa zamani wa Krapf alikuwa amewalea. Sasa walikuja kuishikilia kazi ambayo Krapf aliianzisha.

Walikuja nyumbani? Ndiyo na hapana. Rabai ni kwa Waduruma na Warabai, na wao walikuwa watoto wa Ziwa Nyasa na Ruvuma waliokulia Uhindi. Walivaa suruali na koti. Kiswahili walipaswa kujifunza upya. Kwa wenyeji walikuwa wageni kama Wazungu, na kwa Wazungu walikuwa Waafrika kama wenyeji. Hali hiyo ya kuwa katikati ndiyo iliyowafanya wafae, na ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Wenzao wengine walifuata njia nyingine. Mwaka 1865 David Livingstone alipita Bombay akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Alichukua vijana tisa kutoka Nasik. Alichukua pia Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, na Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, ambao alikuwa amewaacha Bombay. Baadhi ya wale tisa walimwacha njiani, kwa njaa, kwa ugonjwa au kwa kuchoka. Baadhi walikaa naye hadi mwisho. Mwaka 1872 kundi jingine la Nasik lilimfuata kutoka pwani hadi Tabora, na ndani yake walikuwemo Jacob Wainwright na Matthew Wellington, ambaye kwao Uyaoni aliitwa Chengwimbe.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda. Kilichofuata kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya watumishi wanaompenda bwana wao. Mimi naiona zaidi kama kazi ya watu wenye akili, ujuzi na mpango. Kwanza walijenga boma mbali kidogo na kijiji. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akaupasua mwili. Moyo na matumbo viliwekwa kwenye mkebe wa bati, vikazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko katika Kitabu cha Sala, kwa Kiingereza alichofundishwa Nasik. Kisha akachukua kisu, akachonga kwenye shina la mti huo jina la marehemu, tarehe, na majina ya wakuu wa msafara. Mwili ulitiwa chumvi na brandi, ukaanikwa juani siku kumi na nne ukigeuzwa kila siku, ukavingirishwa merikani, ukaingizwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebea.

Halafu wakatembea. Miezi tisa, zaidi ya kilometa elfu mbili, kupita nchi ambako kupitisha maiti ni kuwaletea wenyeji balaa. Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone, alikuwa kati ya wanawake waliotembea nao. Karibu na Tabora walikutana na Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Fikiria: wapagazi Waafrika wanamwambia ofisa Mwingereza, mwaka 1873, kwamba Mwingereza mwenzake hatazikwa hapo. Walipofika Kasekera wenyeji wakawa wakali, hivyo msafara ukatangaza kwamba umekubali kurudisha maiti Unyanyembe, yaani upande wa Tabora. Usiku waliutoa mwili kwenye gome, wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo za kawaida. Wakakata mabua ya mtama, wakayavingirisha kwa umbo la maiti, na watu sita wakaondoka nayo kwa heshima zote. Porini waliyatupa mabua kidogo kidogo, wakarudi kwa siri mmoja mmoja. Asubuhi robota likapita mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyeshuku.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walilipwa mshahara wao, wakaruhusiwa kwenda zao. Jumuiya ya Kijiografia ya London baadaye ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili yao, lakini kufikia wakati huo wengi walikuwa wameshatawanyika, hawakuziona. Ni Jacob Wainwright tu aliyeingia meli pamoja na jeneza, na hiyo ni kwa sababu CMS walilipa nauli yake. Tarehe 18 Aprili 1874, mtumwa wa zamani kutoka Uyaoni alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza hilo katika Westminster Abbey. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko, wakalipiwa na rafiki wa marehemu, wakasaidia kuziweka sawa shajara zake za mwisho kabla hazijachapishwa.

Hapa hadithi ya Livingstone na hadithi ya Mombasa zinakutana. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, gavana wa zamani wa Bombay, alikuwa ametumwa Zanzibar kumshinikiza Sayyid Barghash afunge soko la watumwa. Mkataba ulitiwa saini Juni mwaka huo. Frere aliwafahamu watu wa Nasik tangu akiwa Uhindi, na alipopita Mombasa na Rabai alikuta kituo kinachohema, Rebmann karibu kipofu, na Waafrika wachache wa Bombay wakiendelea. Pendekezo lake kwa CMS lilikuwa rahisi: anzisheni mji wa watumwa huru pwani ya Afrika yenyewe, na uongozeni kwa watu wa Nasik. Kifo cha Livingstone kilifungua mifuko ya wafadhili. Novemba 1874 William Salter Price, aliyekuwa mkuu wa Nasik, alifika Mombasa. Mwaka uliofuata ardhi ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, ikawa Freretown, na Waafrika wapatao 150 wakavuka bahari kutoka Bombay kuja kuujenga. Mwaka huohuo Rebmann alirudi Ujerumani baada ya miaka 29, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Akafa mwaka uliofuata.

Septemba 1875 manowari Thetis ilishusha Freretown zaidi ya watu mia mbili waliotolewa kwenye majahazi. Wakaja wengine, na wengine tena. Pwani waliitwa mateka. Walifika uchi au na vitambaa viunoni, wana vidonda na hawajui lugha ya kuwaunganisha, na mikono iliyowapokea ilikuwa ya watu waliopita humohumo miaka ishirini nyuma. Waafrika wa Bombay walikuwa walimu wao, mafundi wao, wauguzi wao, na wasimamizi wa mashamba. Kengele ilitundikwa kuita watu kazini, shuleni na kanisani, na kuwaamsha kama mabwana waliopoteza mali wangevuka kuja kuidai kwa bunduki. Mahali hapo Kisauni bado panaitwa Kengeleni, na kila kondakta wa matatu analijua jina hilo.

Tusipake rangi. Freretown haukuwa paradiso. Waafrika wa Bombay waliwadharau mateka, wakawaona washenzi, na waliwaangalia Wanyika wa Rabai kwa jicho hilohilo. Misheni iliendesha mji kama serikali ndogo yenye sheria zake, posho zake na adhabu zake. Chini ya msimamizi mlei aliyeitwa Streeter viboko vilizidi mpaka malalamiko yakafika London, na mwaka 1881 uchunguzi ukafanywa. Watu waliotoka utumwani wakachapwa kwa jina la Injili. Lazima hilo nalo lisemwe kanisani.

Kazi kubwa zaidi, na isiyo na mpangilio, ilikuwa ikitendeka mbali na Freretown. Mafundisho ya Rabai yaliwafikia Wagiriama kwa midomo ya Wagiriama wenyewe, na kijiji cha Kikristo kikazuka Fuladoyo, ambako watoro walikimbilia. Watoro hao walikuwa watumwa wa mashamba ya Takaungu, Mombasa na Malindi, waliojikomboa kwa miguu yao. Mwaka 1883 kiongozi wa Fuladoyo, David Koi, alikamatwa na kuuawa na watu waliokuwa wakiwasaka watoro. Alikufa miaka miwili kabla ya Hannington, na ndiye shahidi wa kwanza wa Kianglikana katika Kenya. Wakristo wangapi wa Kenya wanaweza kutaja jina lake? Nimewauliza wengi, wakiwemo waliosoma vyuo vya theolojia. Hannington wanamjua.

Rabai nako watoro walijaa. CMS ilikuwa imewaahidi wakubwa wa Mombasa kwamba haitawapokea, maana kwa sheria ya Sultani mtoro ni mali ya mtu. William Jones, aliyerudi na ile bendera, ndiye aliyekuwa mchungaji wa Rabai. Alifahamu sheria. Alifahamu pia jahazi linavyonuka ndani. Watoro waliendelea kuja, wakajenga vibanda, wakalima, wakakaa darasani, na hakuna aliyewafukuza. Mwaka 1888 George Mackenzie alipofika Mombasa kuanzisha utawala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alikuta Waarabu wamekasirika karibu kupigana. Hesabu ilipofanywa, wamisionari wenyewe walishangaa: watoro zaidi ya 1,400 walikuwa wakiishi kwenye vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Njia iliyopatikana ilikuwa kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu walipanga foleni Rabai, kila mmoja akaitwa jina na kukabidhiwa hati yake ya uhuru. Sifa magazetini zilimwendea Mackenzie. Lakini bila shemasi mmoja aliyefumba macho mchana na kufungua mlango usiku, pasingekuwa na foleni ya kupanga.

Jones na Semler walipewa ushemasi na Hannington mwaka 1885. Walisubiri takriban miaka kumi kupewa ukasisi. Katika kipindi hicho wamisionari vijana wa Kiingereza walikuja na kuwapita. Wazee wa CMS wa kizazi cha katibu wake Henry Venn walikuwa wameota kanisa linalojitegemea, linalojiongoza na kueneza imani lenyewe, na Waafrika wa Bombay walikuwa wa kwanza pwani yetu kuiamini ndoto hiyo. Vijana waliokuja miaka ya 1880 na 1890 hawakuiota tena. Waliona Mwafrika aliyevaa koti, aliyesoma magazeti ya Kiingereza na kuuliza habari za mshahara, wakamwita mwenye kiburi. Barua za manung'uniko ziliandikwa kwenda London: kuhusu mishahara, kuhusu nyumba, kuhusu Waafrika wa makamo kuamrishwa na Wazungu wasiojua hata Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Jones alijiuzulu kwa uchungu. Wengine hawakungoja kujiuzulu. Walijiondokea polepole kwenda kuwa makarani na wakalimani wa Kampuni, kisha wa serikali na reli.

Huo ndio msiba wa historia hii kwa maoni yangu, na ni mkubwa kuliko kifo cha askofu. Kanisa lilikuwa na viongozi wake tayari, waliosoma, waliopitia mateso, wenye ndimi tatu au nne kila mmoja, likawaachia waende. Lilipokuja kutafuta uongozi wa Kiafrika baadaye, lilianza upya kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Mombasa hakuwekwa hadi nusu ya pili ya karne ya ishirini, wakati Jones na Semler walikuwa madhabahuni tangu karne ya kumi na tisa.

Mtu akidhani Rabai ni tukio la pekee, na aangalie Buganda. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoondoka kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, barua yake ya kuwaita wamisionari ilichapishwa London na kuzua harambee. Wamisionari wenyewe walifika Juni 1877. Katikati ya hapo, aliyemsomea Mutesa Biblia na kumfasiria kwa Kiswahili alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa katika misheni ya Zanzibar. Zaidi ya mwaka mmoja kanisa la Uganda lilikuwa na mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo alikuwa mtumwa wa zamani.

Freretown ulizeeka kadiri reli ilivyopanda bara. Wamisionari wakaifuata reli, Ukikuyu, Nyanza, Uganda. Shule ya theolojia iliyoanzishwa pale mwaka 1903 ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Watu walibaki. Mmoja wa watoto wa Freretown, James Mbotela, aliandika kwa Kiswahili kitabu kilichotoka mwaka 1934, Uhuru wa Watumwa, kuhusu watu wake walivyotekwa, walivyookolewa baharini na walivyokaa Freretown. Kwa wengi wetu ukoo huo umejulikana zaidi kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni, akiuliza kama huu ni ungwana. Kitabu cha mzee kinaweza kulaumiwa kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwabebesha Waarabu peke yao dhambi yote, na mimi nakilaumu kwa hilo. Lakini ndicho kitabu kilichotoka ndani ya nyumba hiyo, kwa lugha ya nyumba hiyo.

Jacob Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892, mbali na Westminster na mbali na Uyaoni. Kipande cha mti alichochonga kilikatwa mwishoni mwa karne ile, kikapelekwa London. George David alizikwa mwaka 1884, na watu wa Rabai ndio waliomjua vizuri kuliko mwandishi yeyote. Matthew Wellington aliishi muda mrefu kuliko wote. Alifanya kazi ya serikali Mombasa, akazeeka, akawasimulia watoto wa mji jinsi walivyombeba Livingstone, akafariki mwaka 1935.

Wajukuu na vitukuu wa watu hawa wako Kisauni, Rabai na Nairobi, na bado baadhi yao wanaitwa kwa yale majina ya Nasik. Katika masanduku yao kuna vyeti vya ubatizo, barua, Biblia zilizoandikwa tarehe za kuzaliwa ndani ya jalada, na picha za wazee waliovaa makoti wakimtazama mpiga picha bila kutabasamu. Mchwa na mvua havingoji. Kama wewe ni wa familia hizo, au unamjua aliye wa familia hizo, chukua simu, piga picha kila ukurasa, muulize mzee aliye hai kila jina analolikumbuka, na nakala uipeleke kwenye jumba la makumbusho la Krapf pale Rabai au kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Nairobi. Na wewe mwalimu wa darasa la kipaimara, mwaka huu ukifika somo la mashahidi, anza na David Koi.